Nilivyowaomba wazee wa jumuiya wasimfukuze mpiga kinanda

Jumatano ya tarehe 1 Machi 2023 tulikutana kwa rozari nyumbani kwa mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki, hapa Mtwapa, Pwani ya Kenya. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Kwaresima. Siku tano nyuma, Ijumaa ya tarehe 24 Februari, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika linalotetea wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa kama mashirika mengine. Tangu siku hiyo hapakuwa na habari nyingine mjini. Sokoni, kwenye matatu, nje ya kanisa baada ya Misa, watu walikuwa wakiambiana kwamba sasa wanaume wataoana.

Tulipofika kwenye mengineyo, mwenyekiti alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mambo matatu. Mpiga kinanda wa kwaya, kijana wa miaka 26, aondolewe. Jina lake litajwe mbele ya waumini Jumapili. Na mwenye nyumba anakopanga apelekewe habari ili amtoe. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona akitenda lolote. Yalikuwepo maneno tu: hana mchumba, anajipikia, ana rafiki anayekuja kumtembelea kutoka Kilifi.

Mikono ilianza kuinuka kabla hata hatujaulizwa. Nilichoweza kusema usiku ule ni hiki: huyu ni mtu aliyebatizwa kama sisi, na tuko katika majira ya toba, kwa hiyo naomba wiki mbili. Mimi ndiye katibu. Niliandika kwenye kitabu "limeahirishwa hadi tarehe 15" na kumpa mwenyekiti kalamu atie sahihi. Alitia, bila furaha.

Wengi waliokuwa chumbani hawakujua kwa nini mkono wangu ulikuwa ukitetemeka. Februari 2010, katika mji huu huu, ulizuka uvumi kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa. Harusi haikuwepo. Lakini umati ulikusanyika, Waislamu na Wakristo pamoja, ukazingira kituo cha afya, watu wakapigwa, wengine wakachukuliwa na polisi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa na miaka 24. Umati haukumgusa. Aliyemfukuza ni mimi. Nilimkuta jioni amejifungia chumbani kwa mama, nikamwuliza swali moja, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukanitosha. Nikamwambia sitaki watu wale waje mlangoni petu. Aliondoka kabla ya alfajiri na begi moja.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimwokoa. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikuwa mwalimu, na nilihofia wazazi wa wanafunzi wangu watanitazamaje.

Mama alifariki 2016. Mdogo wangu alikuja mazikoni, akasimama ng'ambo ya barabara chini ya mwembe wa jirani mpaka kaburi likafukiwa. Nilimwona. Nilikuwa na udongo mkononi, na sikuvuka barabara.

Ndiyo maana nilipoiona karatasi ile nilijua nimeshawahi kuitia sahihi.

Nilianza vibaya. Nilimfuata mwalimu mwenzangu mstaafu, mtu ninayemheshimu, nikamsomea Ibara ya 28 ya Katiba kuhusu utu wa kila mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, hayo ni maneno ya warsha. Nani amekulipa?" Nilitoka kwake nimeumia, lakini alikuwa amenionyesha mlango nisioutumia tena. Katiba ninaipenda na naiona ni yetu. Ila mtu anayeogopa kwamba imani yake inanyang'anywa hawezi kutulizwa kwa lugha anayodhani ndiyo inayomnyang'anya. Ilibidi nianzie kwenye vitu ambavyo sote tunaviamini.

Paroko aliniazima Katekisimu ya Kanisa Katoliki bila kuniuliza naitakia nini. Kila mtu aliyekuwa akinukuu mafundisho siku zile alikuwa anaishia namba 2357, panaposemwa kwamba matendo hayo hayakubaliki. Namba inayofuata hawakuifikia. Namba 2358 inasema watu wenye mwelekeo huo si wachache, kwamba kwa wengi wao ni jaribu zito, na kwamba inatupasa kuwapokea kwa heshima, huruma na uangalifu, na kuepuka kila dalili ya kuwabagua bila haki. Niliweka kipande cha gazeti kwenye ukurasa huo na kwenda kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu alifanya kazi ya ukarani bandarini Mombasa maisha yake yote. Anaamini maandishi. Hilo lilinisaidia. Sikumwambia chochote, nilimpa kitabu na kumwomba asome namba zote tatu kwa sauti, 2357 hadi 2359. Alisoma ya kwanza kwa nguvu. Ya pili aliisoma taratibu, akarudi mwanzo wake, akaisoma tena kimyakimya. Kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo unataka tubariki?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, Mzee, sikuombi ubariki kitu. Mimi mwenyewe naamini ndoa ni ya mume na mke, na sijaja kukubadilisha imani. Nimekuja kukuuliza ni katika sentensi gani hapo tumeruhusiwa kumtoa mtu katika chumba anacholipia kodi.

Akaleta hoja ambayo kila mtu aliileta: jambo hili tumeletewa na wazungu. Nilimwuliza kama utotoni Majengo hakuwahi kusikia maneno ya Kiswahili ya watu hawa, yale ya matusi tunayoyajua sote. Alikiri aliyasikia, tena kutoka kwa bibi zake. Lugha haitengenezi neno la kitu ambacho hakipo. Hata neno shoga tunalolirusha leo kama jiwe, mama zetu Pwani walikuwa wakiitana nalo ukutani kwa ukutani: shoga, umeamkaje, shoga, niazime kinu. Kilichokuja na wazungu kwa hakika ni kifungu cha 162, kinachoyafanya matendo hayo kuwa jinai yenye kifungo cha miaka 14. Waingereza walikiandika katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, kwa mtindo ule ule waliokwisha kuutumia India tangu 1860. Mwenyekiti alikuwa hajui hilo. Alinitaka nirudie mwaka.

Lakini kilichomfanya akae sawa kwenye kiti ni Papa Fransisko. Januari mwaka ule ule, mwezi mmoja tu kabla ya uamuzi wa mahakama, Papa alikuwa ameambia waandishi wa habari kwamba kuwa mpenzi wa jinsia moja si jinai. Hakusema si dhambi. Alisema tutenganishe dhambi na jinai, na akaongeza kwamba kukosa upendo kwa mwenzako nako ni dhambi. Kisha akaja Kinshasa na Juba, na ndani ya ndege akirudi Roma akayarudia mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwenyekiti wangu alikuwa na kalenda ya Papa ukutani juu ya kichwa chake. Sikuhitaji kuinyoshea kidole.

Hakunipa jibu siku hiyo. Alisema tu, "Acha kitabu."

Hofu nzito zaidi niliikuta kwa akina mama. Kijana yule anafundisha watoto noti siku za Jumamosi, na mama mmoja alinitazama machoni na kuniuliza kama nitamwacha mjukuu wangu naye. Hapa naomba kusema wazi, kwa sababu naona ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoteleza: hofu ya mzazi kwa mwanawe haidharauliwi. Sikumwambia kwamba ana chuki. Nilimwambia kwamba kumnajisi mtoto ni kosa kubwa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, liwe limetendwa na mwanamume kwa mtoto wa kike au wa kiume, na kwamba katika miaka 28 ya ualimu kesi nilizozishuhudia zilikuwa za wanaume wenye wake, wanaoheshimiwa, ambao hakuna aliyewahi kuwashuku. Tukimtazama mpiga kinanda peke yake, tunawapa kisogo wengine wote. Yeye ndiye aliyependekeza kwamba kila anayefundisha watoto, awe nani, asikae nao peke yake. Niliona ni kanuni njema ambayo tulipaswa kuwa nayo tangu zamani. Niliiandika kitabuni.

Mwenye nyumba tulimkuta kashapata habari. Kuna mtu hakungoja wiki mbili. Ni mzee wa Kiislamu, tunamwita Bwana Haji, na anaogopwa kwa msimamo wake. Mwaka 2010 nilimwona kwa macho yangu barabarani katika msafara. Nilikwenda kwake baada ya Alasiri nikiwa nimejiandaa kushindwa.

Alinikaribisha barazani, akaagiza kahawa. Akasema habari ameletewa na mtu aliyeapa. "Nikamwuliza, umeona? Akasema hapana, lakini kila mtu anajua. Nikamwambia basi nenda kalete mashahidi wanne."

Nilinyamaza, naye akaendelea. Alisema kitendo chenyewe ni haramu na yeye hatakihalalisha hata akibaki peke yake duniani. Lakini katika Suratun-Nur Mwenyezi Mungu ameweka adhabu ya viboko themanini kwa anayewasingizia wanawake wenye staha zinaa bila mashahidi wanne, na wanazuoni wanaiona heshima ya mwanamume kuwa na kinga hiyo hiyo. Na katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, waumini wamekatazwa kupelelezana na kusengenyana. "Mpangaji wangu analipa tarehe tano. Anasalimu watu. Mlango wake akiufunga, aliyeufunga ni yeye na aonaye ndani ni Mola wake. Mimi nikitia jicho kwenye tundu, dhambi ni yangu." Halafu akasema kitu kuhusu mwaka 2010 ambacho sikukitarajia. Alisema siku ile alimwona kijana akivutwa kwa shati, akamtambua ni mtoto wa rafiki yake, akageuza uso. Hakueleza zaidi. Alitumia neno moja kwa kile anachokitaka kwa mpangaji wake: sitara.

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo. Sikwenda pale kumfundisha Bwana Haji uvumilivu. Alikuwa nao, ndani kabisa ya yale yale tunayodhani mimi na wewe kwamba yanamfanya awe mgumu.

Usiku huo mpiga kinanda alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amesikia ninazunguka. Alikataa kukaa. Akaniuliza, "Mwalimu, unanitetea au unanitangaza?"

Sikuwa na la kujibu. Kwa siku nane nilikuwa nimeingia nyumba kumi na moja nikilitaja jina lake, na kati ya nyumba hizo zipo tatu ambazo hazikuwa zimesikia lolote mpaka nilipofika mimi. Sikuwahi kumwuliza anataka nini. Sikujua hata kama maneno yale ni ya kweli, na sikuwa na haki ya kujua. Nilimwomba radhi. Aliniambia anataka mambo mawili: kupiga kinanda Pasaka, na asiulizwe. Kuanzia siku iliyofuata sikulitaja tena jina. Nilipokwenda kwa mtu nilizungumza habari ya mdogo wangu, na kuhusu mwembe, na udongo. Ilikuwa vigumu zaidi, na ndiyo iliyofungua milango. Wanaume watatu waliniambia habari za watu wa damu yao ambao hawajawataja kwa miaka. Mmoja alisema ule msemo wa kwetu, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, akafuta uso kwa kiganja.

Mwanasiasa wa wadi yetu ndiye nilimfuata mwisho, kwa sababu alikuwa akiandaa mkutano wa hadhara Jumamosi na ilisemekana atasoma majina ya wapangaji. Mwaka ule mbunge Peter Kaluma alikuwa na muswada wake wa Kulinda Familia, uliotaka adhabu kali zaidi kwa wapenzi wa jinsia moja, na huyu wetu alitaka aonekane yuko mbele. Nilimweleza kwamba uamuzi wa mahakama ulihusu Ibara ya 36, uhuru wa kujiunga na vyama, na haukugusa kifungu cha 162 wala Ibara ya 45 inayosema ndoa ni baina ya watu wa jinsia tofauti. Kwa hiyo hakuna ndoa ya kuiokoa Mtwapa. Akasema watu wanataka kusikia ukali. Nikamwambia aseme ukali wake wote kuhusu sheria. Hiyo ni kazi yake na ni haki yake. Lakini akisoma jina la mtu kwenye kipaza sauti na usiku huo nyumba ikachomwa, sisi tuliokuwepo 2010 tutakuwa mashahidi wa nani alilisoma. Nilisema bila kupandisha sauti. Jumamosi alihutubia dakika arobaini, mengi yakanichoma moyo, na hakutaja jina hata moja. Nilimshukuru kwa simu. Bado ninaamini nilifanya sawa kumshukuru.

Tarehe 15 Machi tulikuwa watu 23, wengi kuliko kawaida. Mwenyekiti alifungua kwa somo, kisha akatoa Katekisimu ndani ya mfuko wa karatasi na kusoma namba zote tatu, kwa sauti ile ile, bila kuongeza neno. Akakaa. Kulikuwa na kimya kirefu. Mama mmoja mjane, ambaye huwa hasemi ila kuongoza wimbo, akasema mwanawe yuko Ughaibuni na yeye anajua kwa nini hawezi kurudi, na kwamba kila Jumatano anapokuja hapa huomba asimsikie mtu akimtaja. Akasema, "Leo nimemtaja mwenyewe. Basi nifukuzeni na mimi."

Hatukupiga kura. Mwenyekiti alikunja karatasi ile na kuiweka mfukoni, na mimi nikaandika kwamba pendekezo limeondolewa.

Familia mbili zilihamia jumuiya nyingine. Mmoja wao ni mwalimu mwenzangu aliyeniuliza nani amenilipa, na mpaka leo tukikutana tunasalimiana kwa adabu tu. Naliona pengo hilo kila Jumatano. Kijana alipiga kinanda Pasaka. Wapo wasioitikia anaposema "Tumsifu Yesu Kristo", na wapo wanaomwita mwanangu.

Moto ulirudi Desemba 2023, Roma ilipotoa tamko la Fiducia Supplicans kuhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Simu yangu iliita siku nzima. Nilingoja, na Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Ambongo wa Kinshasa, wakasema baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya bara letu. Na katika barua ile ile wakasema watu hawa watendewe kwa heshima na utu. Nilimpelekea mwenyekiti nakala. Safari hii yeye ndiye aliyenipigia mstari chini ya sentensi ya pili.

Mdogo wangu nilimpigia Juni 2023. Ilinichukua miezi mitatu kupata ujasiri niliokuwa nikiwahubiria wenzangu. Alipokea, akasikia sauti yangu, akakata. Nilipiga tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Ya nne hakukata. Sikumweleza kuhusu jumuiya. Nilimwambia nilimwona chini ya mwembe.

Alikuja Pasaka ya 2024, tarehe 31 Machi. Alisimama nje ya uzio wa nyumba aliyozaliwa akabisha hodi mara tatu, kama mgeni, mpaka mke wangu alipotoka kumshika mkono. Tulikwenda kaburini wawili. Aling'oa magugu yote upande wa kichwani, nami upande wa miguuni.

Mchana mwenyekiti alipita akitoka kanisani. Alimwona uani, akasita kidogo langoni, kisha akaingia. "Habari za siku nyingi," akasema, akanyosha mkono. Akamwuliza anafanya kazi gani, na kama Nairobi kuna mvua. Alikunywa chai yake yote akiwa ameshika kofia magotini. Tulimkaribisha chakula. Alishukuru, akasema anangojewa nyumbani, akaenda.